Upande wa Nyuma

Jumamosi, soko la Halifax, mvua inapiga paa la vioo.
Bi. Greenhalgh ananitolea boksi la viatu kabla sijauliza.
"Za hariri," anasema. "Tatu mpya. Moja nondo kaionja."
Pauni nne, pauni sita.
Ile ya nondo, moja na nusu.

Wenzangu wanaokusanya huanza na beji.
Wanajua kikosi, wanajua mwezi gani
kikosi kililala mji upi wa Ufaransa.
Bwana Thackray akikuta jina hulifuata
mpaka kwenye jiwe la ukumbusho kanisani,
kisha hurudi na viatu vya tope: "Nimempata!"
utadhani ni yeye aliyempoteza.

Mimi kazi yangu kupunguza suruali na kubadili zipu.
Mimi huanza nyuma.

Gundi ya miaka mia imeachia pembeni;
nainua karatasi kidogo, naingiza jicho.
Huko mbele kuna maua ya samawati, bendera nne,
"Kwa mama yangu mpenzi" kwa uzi wa dhahabu.
Huku nyuma kuna mtu.
Uzi unaruka ua hadi ua bila kukatwa,
kwa ubahili, au kwa haraka ya kuwahi mkate.
Fundo limepigwa mara mbili panapotosha mara moja.
Na jani la tatu, kila mara la tatu,
limeshonwa kwa kijani kisicho chake,
kijani cha bamia iliyolala.

Clement Ackroyd alimpelekea Hettie, mwaka wa kumi na sita,
kwa penseli: *Mimi mzima. Soksi zimefika.
Mwambie baba asimuuze farasi.*
Ya pili imeandikiwa "nyie nyote wa nambari tisa",
mwandishi hakutia jina.
Ya tatu haina neno. Nyeupe.
Hiyo ndiyo ninayoigeuza mno usiku.
Wanaume watatu wasiojuana
na jani lilelile la bamia.

"Mashine," anasema Bwana Thackray. "Zilitoka kwa futi, kama kitambaa cha pazia."
Huenda.
Lakini mashine nayo hutungiwa uzi na mtu,
na mtu huyo, siku hiyo, kijani kilimwishia.

Kuna moja ya kikosi cha hapa hapa, beji yake tembo.
Aliyemdarizi hakupata kumwona:
mkonga kama mpira wa kumwagilia bustani, masikio ya mbwa.
Mimi wa Voi, ambaye tembo wamekula mahindi yetu,
nilicheka hadi Bi. Greenhalgh akaniletea chai.
Voi nako vita hivyo vilipita.
Waliobeba mizigo hawakuuziwa hariri.

Mama alidarizi foronya:
*Usiku Mwema*, kwa nyekundu,
na njiwa wawili waliofanana na kuku.
Waliinunua maharusi, wakasifu mbele.
Nyuma, pale alipomeza mate na kulowesha uzi,
pale nilipomtingisha mkono nikitaka uji,
sidhani kama yupo aliyegeuza.
Sijui foronya zile zimelaza vichwa vya nani.
Usione vyang'aa.

Nyumbani nawasha taa ya cherehani,
naiweka kadi ya nondo chini ya kioo cha kukuzia.
Fundo mara mbili: ndiyo.
Uzi usiokatwa: ndiyo.
Jani la kwanza. La pili.
Penye la tatu pana tundu,
duara safi, ukubwa wa dengu.
Nondo katika hariri yote ile
kachagua pale.

Nimeandika kwenye bahasha, kwa penseli:
*Labda ni yeye.*
Nikaibandika albamuni kifudifudi,
uso kwa karatasi,
Bwana Thackray akija aone kwanza mafundo.